Nani Anasema na Mtoto Wako?

Zamani, na hata leo katika vijiji vyetu, mgeni hakuingia nyumbani mwa watu kama upepo. Alisimama uani akapiga hodi. Mwenye nyumba, kabla ya kumkaribisha, aliuliza: "Nani?" Na mgeni alikuwa na lazima ya kujitaja: mimi fulani, mwana wa fulani, nimetoka mahali fulani. Aliyejibu "mimi" tu bila jina aliulizwa mara ya pili. Hodi tatu zisipoitikiwa, alirudi zake. Desturi hiyo haikuwa adabu tupu. Ilikuwa ukuta wa nyumba, na ukuta huo ulisimama juu ya jambo moja dogo, nalo ni jina.

Siku hizi twakaa jioni sebuleni, mlango umetiwa komeo na madirisha yana nondo. Baba ana simu yake, mama ana yake, kijana wa kidato cha pili ana yake, na mtoto wa miaka mitatu amepewa ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka, ili anyamaze watu wapumzike. Humo ndani ya simu wamo watu maelfu na maelfu. Wote wameingia bila hodi, na hakuna aliyewauliza jina.

Mama mmoja ametuandikia barua. Asema mtoto wake mdogo anaziimba nyimbo za katuni kwa Kiingereza, lakini akiitwa haitiki, wala hamtazami mtu usoni. Kaka yake mkubwa, asema, anakesha usiku akiandikiana na "rafiki" ambaye hajapata kumwona kwa macho. Mwishoni mama huyo anauliza: "Je, simu ni dhambi?" Swali lake ni jema, na kwa kuwa twaamini liko katika mioyo ya wazazi wengi, tumeona yafaa kulijibu katika ukurasa huu.

Simu si dhambi. Kanisa halijapata kukichukia chombo kwa sababu tu ni kipya. Papa Pius XI aliandika waraka juu ya sinema mwaka 1936. Papa Pius XII, mwaka 1957, aliandika juu ya sinema, redio na televisheni, na mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano wakatoa hati yao juu ya vyombo vya upashanaji habari tarehe 4 Desemba 1963. Hati hizi mbili za mwisho zaitwa kwa Kilatini Miranda Prorsus na Inter Mirifica, na majina yenyewe yataja maajabu. Yaani Kanisa lilianza kwa kustaajabia kazi ya akili aliyotujalia Mungu, ndipo likaonya. Tena sisi tulipata muda wa kuyatafakari maonyo hayo, kwa sababu televisheni ilifika Zanzibar katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara mwaka 1994 tu. Simu yenye mtandao haikutupa muda huo. Ilitufikia mfukoni kabla hatujakaa kikao.

Na asije mtu akasema kwamba kompyuta na utakatifu havikai pamoja. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza Carlo Acutis kuwa Mtakatifu. Kijana huyu alizaliwa mwaka 1991, akafariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15. Alikuwa fundi wa kompyuta kweli kweli, akaitumia kuwaeleza watu habari za miujiza ya Ekaristi. Lakini yasimuliwa pia kwamba michezo ya kompyuta alijiwekea saa moja tu kwa juma, wala hapakuwa na sheria ya serikali iliyomlazimisha.

Basi tulirudie jina, maana hapo ndipo penye mzizi.

Siku ya ubatizo, neno la kwanza padre analowauliza wazazi mlangoni mwa kanisa ni jina: mtoto huyu mnamwita nani? Kabla ya maji, kabla ya mafuta, jina. Kwa jina hilo ataitwa siku ya kipaimara na siku ya ndoa, na kwa jina hilo tutamwombea akifa. Mtu mwenye jina ni mtu anayeweza kuitwa, na anayeweza kuitwa anaweza kuulizwa: Umefanya nini? Adamu alipokosa alijificha kwanza kati ya miti, na Mungu alianza kwa kumwita.

Katika mtandao mtu aweza kujiita lolote. Mwanamume wa miaka arobaini ajiita msichana wa miaka kumi na minne, aweka picha ya mtoto wa watu, aandika kwa lugha ya watoto. Jambo hili si geni kama tunavyodhani. Wasomaji wakumbuke kitabu cha Mwanzo, sura ya 27. Isaka alikuwa mzee, macho yake yamefifia. Akamwuliza aliyeingia kuwa ni nani, naye Yakobo akajibu kwa jina la kaka yake, mikono ameifunika ngozi za mbuzi. Mzee alitia shaka kwa ile sauti, akapapasa, na bado akadanganyika. Tufikiri kidogo. Isaka alikuwa mtu mzima mwenye busara, mgeni amesimama mbele yake, na mkono wake uliweza kumgusa. Mtoto wetu hana hata mkono wa kupapasia. Ana maandishi tu, na picha.

Wagiriki wa kale nao walilijua. Plato asimulia katika kitabu chake juu ya jamhuri habari ya mchungaji wa nchi ya Lidia aliyeokota pete ya ajabu. Akikigeuza kito chake ndani ya kiganja, watu hawamwoni. Mchungaji huyo hakuwa jambazi. Alikuwa mtu wa kawaida, mwajiriwa wa mfalme. Lakini alipojua kwamba haonekani, alimtongoza malkia, akamwua mfalme, akatwaa ufalme. Swali linaloulizwa kitabuni ni gumu: je, mwenye haki akivishwa pete kama hiyo atabaki na haki yake? Leo pete hiyo yauzwa dukani pamoja na vocha, na tumewavisha watoto wa darasa la tano.

Lakini tuwe waangalifu tusije tukahukumu kwa haraka, kwa maana si kila kujificha ni uovu. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kutoa sadaka kwa siri. Nikodemo alimjia usiku, wala hakufukuzwa. Na kiti cha maungamo je? Pale kuna wavu katikati, na padre hana haja ya kujua jina la anayetubu. Mwanamke anayepigwa na mumewe, mfanyakazi anayefichua wizi wa mali ya umma, kijana mwenye ugonjwa unaomwonea haya, hao nao wana haki ya kuomba msaada bila kutangaza majina yao sokoni.

Tofauti iko wapi? Katika maungamo mtu aficha uso wake ili aseme ukweli wote juu ya nafsi yake, tena mbele ya mtu aliyefungwa na siri ya Sakramenti, ambaye jina lake na parokia yake vyajulikana. Anayemwinda mtoto aficha uso wake ili aseme uongo, mbele ya asiyejua kitu. Wa kwanza anajikinga yeye aliye dhaifu. Wa pili anamvua kinga aliye dhaifu kuliko yeye. Mzazi akipata mashaka juu ya jambo lolote la namna hii, ajiulize swali hilo: ni nani hapa anayelindwa na pazia?

Tena pazia lenyewe ni la upande mmoja. Laini ya simu katika nchi yetu husajiliwa kwa alama za vidole, na laini anayotumia mtoto kwa kawaida imeandikwa kwa jina la mzazi au la mtu mzima mwingine. Kampuni zajua nani ni nani. Mtoto peke yake ndiye asiyejua.

Hatusemi haya kwa kutisha. Mwaka 2022 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Tanzania na UNICEF, pamoja na shirika la ECPAT na polisi wa kimataifa, INTERPOL. Walikuta kwamba katika kila watoto 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia mtandao, 4 walikuwa wametendewa uovu mkubwa wa kijinsia kwa njia hiyo katika mwaka mmoja: kutishwa, kuhongwa kwa fedha au zawadi ili watende machafu, au picha zao kusambazwa bila ridhaa yao. Ukilinganisha na idadi ya watoto wa nchi nzima, walikadiria kuwa ni watoto 200,000. Hebu tuwaze makanisa mangapi yangejazwa na watoto hao.

Njia ya waovu hawa haibadiliki sana. Kwanza sifa: wewe ni mzuri, wewe una akili, wazazi wako hawakuelewi. Kisha kizawadi, mara nyingi fedha ya vocha. Kisha siri: tusimwambie mtu. Kisha picha moja. Na picha ikishatoka, sauti yageuka: leta nyingine, au leta fedha, la sivyo nitawaonyesha baba yako na walimu wako. Mtoto hapo hufa moyo, kwa sababu amwogopa yule mgeni, na amwogopa baba yake zaidi. Hilo la pili ndilo linalotuhuzunisha, maana hapo ndipo mwovu anapopata nguvu zake zote.

Kwa hiyo twawasihi akina baba. Mtoto akikujia na habari kama hiyo, fimbo iache ukutani. Mwambie umefanya vema kuniambia. Usilipe fedha, maana anayelipwa hurudi. Usifute yale maandishi, maana ni ushahidi. Mfungie yule mtu njia ya kumwandikia mtoto, kisha nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au piga namba 116, ambayo ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Padre na katekista watakusaidia kuituliza roho ya mtoto, lakini wasifanywe badala ya polisi.

Neno moja kwa vijana wenyewe, maana si wote ni wanaowindwa. Wapo wanaojificha nyuma ya majina ya mzaha wakamtukana mwalimu, wakamchafua msichana aliyewakataa, wakacheka. Katekisimu yafundisha kwamba aliyeharibu jina jema la mwenziwe ana deni la kulitengeneza, kama vile mwizi alivyo na deni la kurudisha mali. Kusamehewa hakufuti deni hilo. Sasa aliyetukana bila jina atalitengeneza kwa jina lipi? Hana budi kuivua ile barakoa kwanza. (Na watu wazima walio katika makundi ya WhatsApp ya jumuiya, wanaosukuma mbele kila uvumi kwa maneno "nimetumiwa kama ilivyo", wasidhani tumewasahau.)

Tuje kwenye upweke. Wengi wetu twaudhani kuwa ni ugonjwa wa Ulaya. Twasikia kwamba Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Japani ikafanya vivyo hivyo mwaka 2021, kwa kuwa huko wako vijana wanaojifungia chumbani miezi na miaka, nao Wajapani wana neno lao la kuwaita, hikikomori. Twacheka kidogo, twasema, sisi tuna shangazi na wajomba. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2025, lilisema kwamba mtu 1 katika kila watu 6 ulimwenguni anasumbuliwa na upweke, na kwamba nchi zenye kipato kidogo hazikusalimika. Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani mwaka 2019, aliwataja vijana wanaogeuka kuwa kama wakaa-pweke kwa sababu ya mitandao. Wakaa-pweke watakatifu wa jangwani waliwaacha watu ili wakae na Mungu. Vijana hawa wamewaacha watu, na aliyebaki nao ni kioo.

Sababu yake haiko ndani ya simu tu. Mijini mtoto afungiwa nyuma ya geti na dada wa kazi ambaye mwenyewe ni mtoto. Uwanja wa mpira umejengwa maduka. Bibi yuko Songea, na mjukuu yuko Dar es Salaam. Mama ameondoka alfajiri kwenda sokoni na atarudi usiku, na simu ni yaya asiyedai mshahara. Hatutaki kumlaumu mama huyu. Ingekuwa rahisi kuandika maneno makali katika gazeti, na watu wengi wamekwisha kuyaandika, hasa wanaume. Mwenye kuulizwa kwanza ni jumuiya yetu ndogo ndogo: nyumba kumi na tano zinazosali rozari pamoja, zimeshindwaje kupata mama mmoja wa kukaa na watoto wa wenzake kwa zamu?

Sasa mtoto mdogo kabisa, yule aliyepewa simu ya kioo kilichopasuka. Hapa twapenda tukae kidogo, kwa sababu wazazi wengi wanaamini kwamba simu inamfundisha lugha.

Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, wakiongozwa na Patricia Kuhl, walitangaza jaribio lao. Walichukua watoto wachanga wa miezi tisa, wa nyumba zinazosema Kiingereza. Kundi moja lilikaa sakafuni na watu waliosema nao Kichina, wakiwasomea vitabu na kuwachezesha vitu, mara 12 tu. Kundi lingine lilionyeshwa watu wale wale, wakisema maneno ya namna ile ile, lakini katika televisheni. Mwishoni watoto walipimwa kama wanazitambua sauti za Kichina. Wale waliokaa na watu walizitambua karibu sawa na watoto waliozaliwa kwa Wachina. Wale wa televisheni hawakupata chochote, ni kama hawajapata kukisikia Kichina maishani mwao.

Kwa nini? Mtoto hajifunzi kwa sikio peke yake. Amtazama mama macho, afuata mahali anapotazama, asema "ba-ba", angoja, na mama ajibu. Kule kungoja na kujibiwa ndiyo shule. Katuni haingoji. Mtoto akisema au asiposema, yenyewe yaendelea. Babu zetu walilijua jambo hili bila chuo kikuu, maana hakuna hadithi ya Kiswahili inayoanza kabla mtoto hajaitikia. Mzee asema "Hadithi! Hadithi!" kisha anyamaza, na pasipokuwa na "Hadithi njoo" hakuna hadithi. Atoa kitendawili, na pasipokuwa na "tega" hategi. Mtoto alitakiwa kuwapo. Ndiyo maana yule mwana wa mama aliyetuandikia anaimba sana na haitiki: amezoea mwenzi asiyehitaji kuitikiwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwezi Aprili 2019. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asiketishwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni heri. Mtoto wa miaka 3 au 4 alale saa 10 hadi 13, na acheze kwa kutumia mwili saa 3 kwa siku. Sisi twaongeza kwamba kumwonyesha mtoto uso wa bibi yake aliye mbali, bibi akimwita na mtoto akiitika, hatukuhesabu pamoja na katuni.

Kwa walio wakubwa zaidi, nchi moja imechukua hatua ya sheria: Australia, tangu tarehe 10 Desemba 2025, imekataza watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Wengine wanaisifu, wengine wanaona watoto watadanganya umri. Sisi hatuna haja ya kungoja Bunge. Mtaguso, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya malezi, ulikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, na sheria ya nyumbani yaweza kuanza kesho jioni. Mtoto wa shule ya msingi hahitaji simu yake mwenyewe. Ya mama yatosha, sebuleni, mbele ya watu. Kijana wa sekondari aweza kupewa, mradi isiingie chumba cha kulala, na mradi kila anayeandikiana naye awe mtu ambaye nyumba inamjua kwa jina na kwa sura. Hiyo ndiyo hodi ya siku hizi. Na simu zote, ya baba kwanza, ziwekwe kabatini tangu chakula cha jioni hadi mwisho wa sala. Tumesema ya baba kwanza kwa sababu twawajua akina baba.

Mama atauliza: na huyu mdogo aliyekwisha kuzoea, nitamwachishaje? Kama ulivyomwachisha ziwa. Atalia siku ya kwanza na ya pili, na majirani watauliza kama mtoto ni mgonjwa. Usimnyang'anye mkono ukabaki mtupu. Mpe mchele achague mawe pamoja nawe, hata kama ataumwaga. Mpe sufuria na mwiko. Mwite jina lake, ungoje aitike, kisha mwite tena. Akikawia kuitika au kutazama usoni baada ya majuma kadhaa, mpeleke kliniki apimwe masikio na ukuaji wake, kwa maana huenda shida si simu hata kidogo, na si haki kuisingizia.

Juu ya watoto walio katika shule za bweni, ambako mzazi hafiki na simu zafichwa ndani ya magodoro, mambo ni marefu. Tutayashughulikia katika toleo la juma lijalo, na walezi wa mabweni wenye uzoefu twawaomba watuandikie mapema, wakitaja majina yao.